Tarehe Ilihama, Chakula Kikabaki

Ukiingia supamaketi yoyote hapa Yokohama kati ya tarehe 4 na 6 Januari, upande wa mboga utakuta vimepangwa vijisanduku vya plastiki vyenye majani mabichi, kila kimoja kinaenea kiganjani. Ndani mna aina saba, na Wajapani huzitaja kwa mpangilio na kwa mahadhi: seri, nazuna, gogyo, hakobera, hotokenoza, suzuna, suzushiro. Mbili za mwisho ni tanipu na figili changa. Zilizobaki ni majani ya kondeni ambayo mkulima wa kwetu angeyapalilia na kuyatupa. Asubuhi ya tarehe 7 yanakatwakatwa, yanatiwa kwenye uji wa mchele wenye chumvi kidogo, familia inakunywa, na shughuli imekwisha: tumbo limepumzishwa baada ya ulaji wa mwaka mpya, na kwa imani yao mwaka mzima hakuna kuugua. Tarehe 8 vijisanduku vilivyosalia vinabandikwa nusu bei. Tarehe 9 ukiuliza, muuzaji atainamisha kichwa na kukuomba radhi. Mpaka mwakani.

Uji wenyewe, nisiwadanganye, haunipi raha. Una ladha ya nyasi na maji ya moto. Lakini ndio ulionifumbua macho kuhusu sikukuu zote za hapa. Haya ni majani ya mwanzo wa machipuko, ya wakati theluji inayeyuka na kijani cha kwanza kinachomoza. Tarehe 7 Januari baridi ndiyo kwanza inashika kasi. Hakuna anayekwenda kondeni kuyachuma. Yanalimwa kwenye mabanda ya plastiki ili yaiwahi tarehe. Sasa nani aliyepanga watu wale majani ya machipuko wakati miti yote iko uchi?

Hakuna aliyepanga. Tarehe ndiyo iliyohama.

Mpaka mwaka 1872 Wajapani walihesabu miezi kwa mwandamo, kama tunavyohesabu sisi Waislamu, ila wao kila baada ya miaka miwili au mitatu waliongeza mwezi wa kumi na tatu ili mwaka usiyaache majira yake. Mwaka mpya wao kwa kawaida uliingia mwishoni mwa Januari au ndani ya Februari, kwa hiyo siku ya saba ilikuwa kweli siku ya kutoka kondeni na kikapu. Kisha serikali ya Mfalme Meiji ikaamua kufuata kalenda ya jua ya nchi za Magharibi. Tangazo lilitoka ghafla, na kabla mwezi haujaisha, siku iliyopaswa kuwa tarehe 3 ya mwezi wa kumi na mbili ikageuka kuwa tarehe 1 Januari 1873. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule ulikuwa na siku mbili tu. Okuma Shigenobu, mmoja wa wakubwa wa serikali hiyo, alikuja kueleza baadaye kwamba hazina ilikuwa imekauka, watumishi walikuwa wameanza kulipwa kwa mwezi, na mwaka uliokuwa unakuja ulikuwa na miezi kumi na tatu. Kwa kubadili kalenda serikali iliokoa mshahara wa mwezi huo wa ziada, na ule mwezi wa siku mbili nao haukulipwa. Makarani waliambiwa heri ya mwaka mpya na mifuko mitupu.

Sikukuu, basi, zikabaki na namba zao huku ardhi na bahari vikibaki nyuma kwa wiki nne, tano, wakati mwingine zaidi. Mimi mtu wa Unguja nimelelewa na Idi inayotembea: nimeiona ikija na joto la kaskazi, nimeiona ikija na mvua za masika, na pilau ni ileile. Chakula chetu cha Idi hakina msimu, na hakiwezi kuwa nao. Cha Wajapani kilizaliwa na msimu. Kila sikukuu ilikuwa na jani lake, samaki wake, ua lake. Ukikinyang'anya msimu wake chakula cha namna hiyo, ama kinakufa, ama kinatafuta mtu wa kukilea. Hapa Japani mlezi amekuwa mwenye duka, na kazi yake naiona kila ninapokwenda sokoni.

Tuanze na mwaka mpya, maana huo ndio mkubwa wao. UNESCO ilipoingiza mapishi ya Kijapani kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2013, iliyataja hasa kwa ajili ya kusherehekea mwaka mpya. Mezani kinawekwa kitu kinachoitwa osechi: masanduku ya mbao yaliyopakwa rangi ya kung'aa, yanayopandana, na ndani yake vyakula vidogo vidogo vilivyopangwa kama vito dukani kwa sonara. Karibu kila kimoja kina dua yake. Kamba aliyepinda mgongo ni dua ya kuishi mpaka mgongo upinde. Mzizi wa yungiyungi una matundu, unachungulia mbele. Mayai ya samaki heringi ni mengi yasiyohesabika, ndio uzazi. Na dagaa, tena dagaa wakavu hawahawa, wanakaangwa bila mafuta, wanaviringishwa kwenye sukari na sosi ya soya mpaka wanang'aa, kisha wananyunyiziwa ufuta. Hao ni dua ya mavuno, kwa sababu zamani dagaa walitiwa mashambani kama mbolea ya mpunga. Ufuta, kwa taarifa ya ndugu zangu wa Lindi na Mtwara, karibu wote Japani inaununua nje, na Tanzania ni miongoni mwa wanaouuza kwa wingi. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba jasho lenu liko ndani ya masanduku hayo.

Vyote hivi huliwa baridi. Vimetiwa sukari, chumvi, siki au sosi ya soya ya kutosha ili vikae siku tatu bila kuharibika, maana siku tatu za kwanza za mwaka jiko halikuwashwa. Wengine husema ni kwa heshima ya mungu wa mwaka, wengine husema ni kuwapumzisha akina mama. Nikiangalia kazi inayofanyika siku za kabla yake, hiyo sababu ya pili naipokea kwa shaka.

Jirani yangu mlango wa pili ni bibi wa miaka themanini na kitu, mzaliwa wa Kagawa, mkoa ulioko kisiwa cha Shikoku. Yeye bado anapika mwenyewe. Krismasi ikipita anatoa sufuria nzito na kuloweka maharage meusi ya soya ndani ya maji ya sukari na sosi, yalale humo usiku kucha. Ndani ya sufuria anatumbukiza kifurushi cha kitambaa kilichofungwa kwa uzi, na ndani ya kifurushi mna misumari yenye kutu. Mara ya kwanza nilidhani ni uganga. Kumbe chuma ndicho kinachoyafanya maharage yabaki meusi ti yasigeuke kahawia. Kesho yake yanachemka kwa moto mdogo saa nyingi, juu yamewekewa karatasi ili yasitoke kwenye maji, kwa sababu harage likipigwa na hewa linajikunja, na kwao harage lililojikunja ni aibu ya mpishi. Tokyo, anasema, walizoea kuyaacha yakunjane makusudi, ndio uzee huo wanaouombea. Anasema hivyo kwa sauti ya mtu asiyewaamini watu wa Tokyo.

Tatizo langu lilikuwa mirini, mvinyo mtamu wa mchele unaotiwa karibu kila kitu kinachochemshwa nchi hii, hata kwenye ile mikate ya samaki myeupe na myekundu inayouzwa tayari. Nilimweleza.

"Hata tone?" akauliza.

"Hata tone, bibi."

Alinyamaza akapiga hesabu, kisha akasema maharage hayana, dagaa atatumia sukari na maji, mikate ya samaki tutaiacha, na yale majimbi ya kuchemsha atayapika mara mbili, yangu mbele, ya wengine nyuma. Tangu hapo ninapelekewa sanduku langu la ghorofa moja, na mimi humpelekea visheti. Anavila na chai ya kijani.

Lakini kinachomfanya awe mtu wa Kagawa hasa ni supu ya asubuhi ya mwaka mpya, ozoni. Ukitaka kumjua Mjapani ametoka wapi, usimuulize. Mtazame supu yake tarehe 1 Januari. Mashariki, pamoja na Tokyo, mochi, donge la mchele wa kunata, inakatwa mraba, inachomwa, inatiwa kwenye mchuzi mwepesi wa sosi ya soya. Magharibi, Kyoto na Osaka, inafinyangwa duara, inachemshwa bila kuchomwa, na mchuzi ni wa miso nyeupe, yaani rojo la soya zilizochachushwa, mzito na mtamu. Nara wanaichomoa mochi kutoka kwenye supu na kuichovya kwenye unga wa soya wenye sukari. Visiwani Okinawa kwa asili hawanywi supu hiyo kabisa. Na Kagawa, jamani, Kagawa wanachukua mochi iliyojazwa rojo tamu la maharage mekundu, kitu ambacho kokote kwingine ni peremende, wanaitumbukiza kwenye supu ya miso yenye mchuzi wa dagaa, figili na karoti. Unaiuma, utamu mweusi unavuja ndani ya chumvi nyeupe, na kwa muda kidogo ulimi haujui uende wapi. Inasimuliwa kwamba enzi za utawala wa mabwana sukari ya Sanuki, jina la zamani la Kagawa, ilikuwa mali ya thamani ambayo mkulima wa kawaida hakuila, basi siku moja kwa mwaka waliificha ndani ya mochi. Nimewapa habari hii wafanyakazi wenzangu wa Tokyo na wamekunja nyuso. Mimi ndiyo supu ninayoipenda kuliko zote.

Mochi yenyewe ni mchele wa kunata uliopikwa kwa mvuke na kutwangwa kinuni. Siku hizi mashine ndiyo inayotwanga, ila shule na mitaa bado huweka siku moja mwishoni mwa Desemba, mmoja anapiga kwa nyundo ya mti, mwingine anaupeleka mkono kinuni kati ya pigo na pigo na kuugeuza. Huo mkono siwezi kuutazama. Kila mwaka pia wazee wanakabwa na mochi, wengine wanafariki, na idara ya zimamoto ya Tokyo inatangaza tahadhari: ikate ndogo, tafuna taratibu, usile peke yako. Wanajua. Wanaila vilevile.

Wengi wa rika langu hawapiki osechi. Wanaiagiza. Katalogi za maduka makubwa zinatoka mapema, watu wakiwa bado na fulana za joto, na sanduku la kawaida linaanza karibu yeni 10,000 na kupanda mpaka bei ambazo sitaki kuzitaja hapa nikawatia watu pressha. Kuna waandishi wa hapa wanaosikitika kwamba mila inakufa. Mimi siioni ikifa. Naona imehamia kwa mtu mwingine, na huyo mtu ana stoo na gari la barafu.

Ushahidi mzuri ni mwanzoni mwa Februari. Setsubun ni siku ya kuuaga msimu wa baridi kwa mujibu wa jua. Kwa kawaida ni tarehe 3, ingawa mwaka 2021 iliangukia tarehe 2, kwa mara ya kwanza baada ya miaka 124. Nyumbani watu hutupa soya za kukaanga mlangoni wakipiga kelele "Oni wa soto, fuku wa uchi", zimwi nje, heri ndani, kisha kila mtu anakula punje kwa hesabu ya umri wake. Baba wa nyumba anavishwa kinyago cha zimwi na kupigwa soya na wanawe. Hiyo ni ya kale kweli. Lakini jioni yake nchi nzima inakula ehomaki, sushi nene iliyoviringishwa kwa mwani na isiyokatwa: unaelekea upande wa heri wa mwaka huo, unaila yote bila kusema neno. Ni desturi ya Osaka na kando yake. Mwaka 1989 duka moja la Seven-Eleven mkoani Hiroshima likaiuza, mwaka 1998 kampuni ikaisambaza nchi nzima, na leo mtoto wa Hokkaido anadhani babu zake waliila. Maduka yakawa yanatengeneza nyingi kupita kiasi, usiku wa Setsubun mapipa yanajaa, picha zikazagaa mitandaoni, mpaka Januari 2019 wizara ya kilimo ikawaomba wauzaji watengeneze kulingana na mahitaji. Serikali kuomba watu wapunguze kutengeneza chakula cha heri! Siku hizi maduka mengi yanakutaka uagize mapema.

Sasa nifike kwenye chaza, mahali ambapo kalenda iliniuma mimi binafsi.

Tarehe 3 Machi ni siku ya watoto wa kike. Wanasesere wa kifalme wanapangwa kwenye ngazi zenye kitambaa chekundu, kunaliwa mochi za tabaka tatu, waridi, nyeupe na kijani, na mchele uliotawanyiwa samaki na mayai. Na lazima pawe na supu safi ya hamaguri, chaza mkubwa mwenye magamba laini. Gamba la hamaguri halikubaliani na gamba jingine isipokuwa pacha wake, kwa hiyo ni dua ya ndoa: binti apate wa kwake. Maelezo ni matamu na kila tovuti ya mapishi inayarudia. Lakini mtu aliyekulia ufukweni ana swali jingine: kwa nini chaza, kwa nini siku hiyo?

Irudishe tarehe mahali pake. Siku ya tatu ya mwezi wa tatu, kwa mwandamo. Mwezi umeandama juzi. Msomaji wa Jambiani, wa Lamu, wa Pangani, wewe unajua siku ya tatu ya mwezi bahari inakuwaje: ni bamvua. Maji yanatoka mpaka mbali, mchanga unabaki wazi, na wanawake wanashuka na vikapu. Japani majira hayo, ambayo kwa kalenda ya leo ni karibu na Aprili, maji ya mchana ndiyo yanayotoka zaidi kuliko majira mengine, na chaza wamenona. Hakuna aliyehitaji fumbo la magamba ili ale chaza siku ile. Chaza walikuwa miguuni mwake.

Tarehe 3 Machi ya kalenda ya jua inaweza kuangukia bamvua na inaweza kuangukia maji mafu. Mwezi hauna habari nayo. Na hata ikiangukia bamvua, baridi bado kali. Hamaguri wa asili wenyewe wamepungua sana kwa sababu ghuba zimefukiwa na kujengwa, na wengi wanaouzwa wanatoka China. Wanapangwa kwenye barafu chini ya karatasi ya waridi, bei imepanda kwa wiki moja, kisha inashuka. Nimewahi kumweleza muuza samaki habari za bamvua kwa Kijapani changu chote. Alisikiliza kwa adabu, akasema kweli, hajawahi kufikiria, akanifungia chaza sita.

Okinawa hawakukubali. Kule siku ya tatu ya mwezi wa tatu bado inahesabiwa kwa mwezi, inaitwa hamauri, kushuka ufukweni, na wanawake na wasichana wanashuka kweli, wanatia mikono na miguu baharini kujitakasa, wanaokota chaza na mwani, wanakula vitafunio vya unga, mayai na sukari vilivyokaangwa. Hekaya yake ingeweza kusimuliwa Pemba bila kubadilishwa kitu. Binti mmoja alikuwa anajiwa usiku na kijana mzuri asiyejulikana kwao. Akashauriwa amchomeke sindano yenye uzi. Asubuhi wakaufuata uzi mpaka pangoni, wakakuta kijana ni nyoka wa aina iitwayo akamata. Binti alikuwa na mimba; akashuka baharini siku hiyo ya tatu, maji ya chumvi yakamsafisha. Mji wa wavuvi wa Itoman, huko huko Okinawa, nao mwaka mpya mkubwa wanaousherehekea ni wa mwandamo, na mashua bandarini zinapandishwa bendera za rangi. Mvuvi hufuata maji, na maji hayakusaini ile amri ya 1872.

Mengine nitayapita haraka. Tarehe 5 Mei, siku ya watoto, ni mochi iliyofungwa kwa jani la mwaloni ambao hauangushi majani ya zamani mpaka machipukizi yaje, dua ya ukoo usiokatika. Jani lile haliliwi. La mcheri, kwenye mochi ya machipuko, linaliwa, na wageni hukosea kila mwaka. Tarehe 7 Julai ni usiku wa nyota mbili wapenzi wanaokutana mara moja kwa mwaka, na chakula chake ni tambi nyembamba baridi, somen. Kwa kalenda ya zamani mbingu zilikuwa safi, sasa tarehe hiyo imeangukia katikati ya msimu wa mvua, na kwa kawaida wapenzi hawaonekani. Sendai wamefanya busara, wameisogeza mpaka Agosti 6 hadi 8. Tarehe 9 Septemba ilikuwa sikukuu ya krisanthemu, lakini maua hayajachanua tarehe hiyo, na hiyo imekufa karibu kabisa. Hakuna duka lililoiokota.

Obon nayo, sikukuu ya kuwapokea marehemu, sehemu kubwa ya nchi imeihamisha kwa mwezi mzima ili majira yaelewane: Agosti 13 hadi 16, ingawa mitaa mingi ya Tokyo bado inaifanya Julai, na Okinawa, bila shaka, kwa mwezi. Hapa sijali tarehe, nataka tu mtazame tango na biringani. Unachukua tango, unalichomeka vijiti vinne, linakuwa farasi. Biringani vivyo hivyo, linakuwa ng'ombe. Vinawekwa mbele ya madhabahu ya nyumbani pamoja na matunda na vidonge vya mchele. Marehemu wanakuja juu ya farasi, mbio, kwa sababu watu wamewakumbuka. Wanarudi juu ya ng'ombe, polepole, na mizigo ya zawadi. Bibi jirani yangu huchagua tango lililopinda ili farasi awe na shingo. Ananunua matango matatu manne kabla hajaridhika, na yaliyokataliwa ananipa mimi kwa kachumbari. Siku hizo kwa desturi nyama na samaki haviliwi, ni mboga, tofu na tambi. Kwa hiyo ndizo siku pekee ninazokula kwake bila kuuliza sana.

Samaki mkunga ni hadithi nyingine ya muuzaji. Siku ya ng'ombe katikati ya joto la Julai, kalenda ya kale ya wanyama kumi na wawili, Wajapani wanakula mkunga wa kuchoma kwa sosi tamu. Mkunga wa mto ananona wakati wa baridi, si kiangazi, na inasimuliwa kwamba mwenye duka mmoja aliyekosa wateja alimwendea msomi Hiraga Gennai (1728–1780), naye akamwandikia kibao: leo siku ya ng'ombe, siku ya mkunga. Kweli au chumvi, kibao kinafanya kazi mpaka leo, kiasi kwamba mwaka 2014 shirika la IUCN la kulinda viumbe asili lilimworodhesha mkunga wa Japani miongoni mwa viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Sili. Harufu yake barabarani lakini, lo.

Katika sikukuu zote, ni moja tu ya nchi nzima iliyogoma kuhama: tsukimi, kutazama mwezi usiku wa kumi na tano wa mwezi wa nane. Hiyo huwezi kuibandika kwenye namba ya jua, maana siku nyingine ungetoka nje ukatazama giza. Basi kila mwaka inatangatanga kati ya Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, na watu wanapanga vidonge kumi na vitano vya mchele kando ya dirisha, na matete ya susuki ndani ya chombo. Ndiyo sikukuu inayonifanya nijisikie nyumbani, kwa sababu ndiyo pekee inayonikuta tayari nimeinua kichwa. Hata hapo mfanyabiashara hakukosa: tangu 1991 McDonald's ya Japani inauza baga ya tsukimi, yai la duara ndiyo mwezi wenyewe, na foleni yake ni ndefu kuliko ya vidonge.

Kwa hiyo Desemba inapofika huwa sina tena mshangao. Siku fupi kuliko zote, karibu na tarehe 22, wanakula boga lililovunwa kiangazi na kuhifadhiwa, na kuoga maji yenye malimau ya yuzu. Hiyo ni ya jua tangu mwanzo na haikuathirika. Tarehe 24 jioni wanakula kuku wa kukaanga na keki ya krimu yenye stroberi. Krismasi si siku ya mapumziko hapa, Wakristo ni wachache mno, lakini mwaka 1974 KFC ilianza kampeni ya nchi nzima ya kuku wa Krismasi, na sasa usipoagiza mapema utapanga foleni kwenye baridi na kurudi mikono mitupu. Stroberi nazo kwa asili ni za mwisho wa machipuko, zinalazimishwa kuzaa Desemba kwenye mabanda yenye joto.

Bibi huagiza ndoo ya kuku kila mwaka kwa ajili ya wajukuu. Nilimuuliza, kwa uchokozi, kama hiyo nayo anaiita mila, yeye mwenye misumari yenye kutu. Alikuwa anafuta masanduku yake ya mwaka mpya kwa kitambaa laini, hakuinua macho.

"Mama yao alimla kuku huyohuyo akiwa darasa la kwanza," akasema. "Wewe unataka ipite miaka mingapi?"